Nyota Walioachwa Nje ya Vitabu

Besiboli ni mchezo unaotunza hesabu kuliko karibu michezo mingine yote. Kila mpira unaorushwa, kila pigo na kila mbio huandikwa, na mpenzi wa mchezo huo nchini Marekani anaweza kufungua kitabu na kujua mchezaji wa mwaka 1911 alipiga mara ngapi na akakosa mara ngapi. Kwa sababu hiyo, mchezaji asiye na takwimu huwa kama hakuwahi kukanyaga uwanja. Ndivyo ilivyowapata maelfu ya Wamarekani weusi waliocheza mchezo huu tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20. Walicheza kwa malipo, viwanja vikajaa kwa ajili yao, na baadhi yao walikuwa miongoni mwa bora waliowahi kushika gongo. Hata hivyo, vitabu vya Ligi Kuu havikuwa na nafasi ya majina yao.

Kwa msomaji asiyeuzoea mchezo huu, mambo machache yanatosha. Mrushaji hurusha mpira kuelekea kwa mpigaji, na nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji. Mpigaji akiupiga mpira vizuri, hukimbia kuzunguka vituo vinne, na anayerudi kituo cha nyumbani huipatia timu yake pointi. Pigo linalouvusha mpira nje ya uzio huitwa homurani, na mpigaji huzunguka vituo vyote bila kuzuiwa na mtu. Kipimo kinachoheshimiwa zaidi ni wastani wa kupiga. Wastani wa .300 maana yake ni kwamba katika kila majaribio 1,000 mpigaji alifanikiwa mara 300, na anayefikia kiwango hicho kwa miaka mingi huhesabiwa mpigaji hodari.

Mlango ulivyofungwa

Mchezaji mweusi wa kwanza anayejulikana kulipwa kwa kucheza besiboli alikuwa Bud Fowler. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Jackson. Alizaliwa mwaka 1858 katika jimbo la New York, akakulia Cooperstown, mji ambao leo ndio makao ya Jumba la Heshima la Besiboli. Alianza kulipwa mwaka 1878, kisha akazunguka Marekani na Kanada kwa miaka mingi, akihamia timu nyingine kila wachezaji wenzake weupe walipokataa kucheza naye. Alifariki mwaka 1913 akiwa maskini, na kaburi lake lilikaa bila jiwe kwa zaidi ya miaka 70.

Moses Fleetwood Walker alifika mbali zaidi. Alikuwa mdakaji msomi, aliyepitia Oberlin College na Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1883 alikuwa na timu ya Toledo ilipopangiwa kucheza na Chicago, ambayo nahodha wake, Cap Anson, alitangaza kwamba hataingia uwanjani pamoja na mtu mweusi. Viongozi wa Toledo hawakutishika. Walimpanga Walker kucheza, na Anson, alipoona kwamba akisusa atakosa mgawo wake wa viingilio, akacheza. Mwaka uliofuata Toledo ilijiunga na American Association, ambayo wakati huo ilikuwa mojawapo ya ligi kuu, na Walker akacheza mechi 42. Mdogo wake, Welday, alicheza mechi chache katika timu hiyohiyo.

Ndugu hao wawili walikuwa wa mwisho kwa muda mrefu. Julai 1887 wakuu wa International League walipiga kura kwamba wasiwape mikataba mipya wachezaji weusi. Ligi nyingine zilifuata njia hiyo bila hata kuiandika. Hapakuwa na kanuni iliyochapishwa ya kumkataza mtu mweusi kucheza Ligi Kuu, bali kulikuwa na maafikiano ya wenye timu. Maafikiano hayo yalidumu hadi Aprili 1947, miaka 63 baada ya msimu wa Walker.

Ligi zao wenyewe

Mlango ulipofungwa, wachezaji weusi waliunda timu zao na kuzunguka nazo nchi nzima. Aliyezigeuza timu hizo kuwa ligi ni Rube Foster, mzaliwa wa Calvert, Texas. Alikuwa mrushaji hodari mwanzoni mwa karne ya 20, kisha akawa mmiliki na kocha wa Chicago American Giants. Februari 1920 aliwakutanisha wamiliki wenzake katika jengo la YMCA la mtaa wa Paseo, Kansas City, na kikao hicho kikazaa Negro National League. Foster alikuwa rais wa ligi, mratibu wa ratiba na mtu wa kutoa mkopo timu ilipokosa nauli. Mzigo huo ulimlemea. Mwaka 1926 aliugua akili na kulazwa hospitalini, na alifariki huko mwaka 1930. Mwaka mmoja baadaye ligi yake ilivunjika, kwani mdororo mkubwa wa uchumi ulikuwa umeikausha mifuko ya mashabiki.

Wengine waliinua alichokianzisha. Mwaka 1933 Gus Greenlee, tajiri wa Pittsburgh aliyepata fedha zake kwa bahati nasibu za mitaani, alianzisha Negro National League mpya. Mwaka huohuo ulichezwa kwa mara ya kwanza mchezo wa nyota wa Mashariki na Magharibi katika uwanja wa Comiskey Park, Chicago. Mashabiki walichagua wachezaji kwa kura zilizopigwa kupitia magazeti ya watu weusi kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Mwaka 1943 watazamaji walizidi 50,000. Mwaka 1937 ilizaliwa Negro American League, na ligi hizo mbili ziliuendesha mchezo wa watu weusi katika miaka yake ya neema.

Maisha ya wachezaji yalikuwa ya barabarani. Mechi za ligi zilichukua sehemu tu ya msimu, na siku nyingine timu zilicheza na yeyote aliyekubali kugawana viingilio, iwe timu ya kiwanda, ya mji mdogo au ya nyota weupe waliokuwa mapumzikoni. Hoteli nyingi ziliwakataa, kwa hiyo walilala ndani ya basi au katika nyumba za wenyeji weusi. Ugumu huo haukuzuia ubunifu. Mwaka 1930 Kansas City Monarchs walianza kusafiri na taa zao juu ya malori ili wacheze usiku, miaka 5 kabla Ligi Kuu haijacheza mechi yake ya kwanza chini ya taa.

Waliong'ara

Oscar Charleston, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1896, alijiunga na jeshi akiwa na miaka 15 na kupelekwa Ufilipino. Aliporudi mwaka 1915 alianza kuchezea timu ya mji wake, Indianapolis ABCs. Alilinda sehemu ya kati ya uwanja wa nje kwa mbio na ujasiri, alipiga kwa nguvu, na hakumwogopa mtu. Kuanzia mwaka 1932 alikuwa kocha na mchezaji wa Pittsburgh Crawfords, timu ambayo kwa wakati mmoja ilikuwa na watu watano ambao baadaye waliingia Jumba la Heshima. Buck O'Neil, aliyeishi ndani ya mchezo huu kwa zaidi ya miaka 60, alimtaja Charleston kuwa bora kuliko wote aliowahi kuwaona. Mwandishi wa takwimu Bill James naye, mwaka 2001, alimweka wa nne katika orodha ya wachezaji bora wa nyakati zote, weupe na weusi. Hata hivyo Mmarekani wa kawaida anamjua mchezaji mweupe Babe Ruth na hamjui Charleston.

James Bell, aliyejulikana kama Cool Papa, alitoka Starkville, Mississippi, na kuanza kuchezea St. Louis Stars mwaka 1922. Alisifika kwa mbio. Mrushaji Satchel Paige alizoea kusimulia kwamba Bell aliweza kuzima taa na kuwa kitandani kabla giza halijaingia chumbani. Bell mwenyewe alieleza baadaye kwamba swichi ya hoteli waliyolala ilikuwa mbovu na taa ilikawia kuzimika, naye akatumia kasoro hiyo kushinda dau. Baada ya kustaafu alifanya kazi ya usafi na ulinzi wa usiku katika ofisi za jiji la St. Louis. Aliingia Jumba la Heshima mwaka 1974 na kufariki mwaka 1991.

Norman Stearnes wa Detroit Stars, ambaye wenzake walimwita Turkey kwa namna alivyopiga viwiko akikimbia, hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa mwili mkubwa, lakini alipiga homurani kama wenye miili ya chuma. Mshahara wa besiboli haukumtosha mwaka mzima, hivyo msimu ulipokwisha alifanya kazi katika viwanda vya magari. Alifariki mwaka 1979 kabla hajaheshimiwa rasmi, na Jumba la Heshima lilimwingiza mwaka 2000.

Martín Dihigo wa Matanzas, Cuba, aliweza kucheza karibu kila nafasi uwanjani, na alikuwa hodari wa kurusha na wa kupiga kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni nadra sana. Alicheza Cuba, Mexico, Venezuela, Jamhuri ya Dominika na Marekani, na ameenziwa katika majumba ya heshima ya nchi hizo zote. Kwa wachezaji weusi, Amerika ya Kilatini ilikuwa mahali pa kupumua. Huko walilala hoteli yoyote, walikula mgahawa wowote na kulipwa vizuri. Mwaka 1937 Paige, Bell na wengine wengi waliacha timu zao za Marekani na kwenda kuchezea timu ya Ciudad Trujillo katika Jamhuri ya Dominika.

Miongoni mwa wote, aliyeacha simulizi nyingi zaidi ni Josh Gibson. Alizaliwa Buena Vista, Georgia, mwaka 1911, na familia yake ikahamia Pittsburgh baba alipopata kazi ya viwandani. Mwaka 1930, akiwa na miaka 18, alichukuliwa na Homestead Grays. Mwezi Agosti mwaka huohuo mkewe, Helen, alifariki akijifungua mapacha. Gibson alikuwa mdakaji, nafasi inayochosha mwili kuliko zote, lakini alipiga kuliko waliocheza nafasi nyepesi. Katika miaka ya 1940 Grays walikuwa wakicheza mechi nyingi Washington, katika uwanja wa Griffith Stadium, timu ya weupe ya Senators iliposafiri. Wenye uwanja walimwona kwa macho yao akivusha mipira uzio, na hawakumpa mkataba. Mwaka 1943 aligundulika kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Alifariki Januari 20, 1947, akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla Ligi Kuu haijamfungulia mlango mchezaji mweusi. Alizikwa katika makaburi ya Allegheny, Pittsburgh, na kaburi lake lilipata jiwe mwaka 1975.

Jinsi hesabu zilivyopotea

Sababu za watu hawa kutoandikwa zinaeleweka zikichambuliwa moja moja. Ya kwanza ni magazeti. Magazeti makubwa ya kila siku yalimilikiwa na weupe na hayakujishughulisha na mechi za weusi. Magazeti ya weusi, kama Pittsburgh Courier, Chicago Defender na Baltimore Afro-American, yalitoka mara moja kwa wiki na yalikuwa na kurasa chache. Mechi iliyochezwa mwanzoni mwa wiki ugenini mara nyingi ilipata mistari miwili tu, au haikupata kitu.

Ya pili ni ratiba. Timu iliweza kucheza mechi mbili kwa siku katika miji miwili, moja ya ligi na nyingine ya kutafuta nauli. Mechi za namna ya pili hazikuingia katika hesabu za ligi. Kibao cha Gibson katika Jumba la Heshima kinasema alipiga karibu homurani 800, kwa kujumlisha mechi za ligi na zisizo za ligi. Katika hesabu rasmi za ligi pekee, idadi yake haifiki 200. Pengo hilo ndilo linaloonyesha ukubwa wa kilichochezwa bila kuandikwa.

Ya tatu ni uamuzi wa watu, na ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Mwaka 1969 Ligi Kuu iliunda kamati maalumu ya kumbukumbu ili iamue ni ligi zipi za zamani zihesabiwe kuwa kuu. Kamati ilizitambua sita. Moja kati ya hizo ni Union Association, iliyodumu msimu mmoja tu wa 1884 huku baadhi ya timu zake zikivunjika katikati ya msimu. Ligi za weusi, zilizokuwa zimewatoa nyota kama Jackie Robinson, Willie Mays na Hank Aaron, hazikutambuliwa. Kukosekana kwa karatasi kungeweza kurekebishwa kwa utafiti, lakini uamuzi huo ulimaanisha kwamba hata karatasi zilizokuwepo hazikuwa na pa kuingizwa.

Waliobaki katika kivuli cha 1947

Aprili 15, 1947 Jackie Robinson, aliyekuwa amechezea Kansas City Monarchs mwaka 1945, aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Jina lake linajulikana duniani kote. Wachache wanamkumbuka aliyemfuata. Julai 5 mwaka huohuo Larry Doby, kijana wa miaka 23 kutoka Newark Eagles, akawa mchezaji mweusi wa kwanza wa American League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, katika timu ya Cleveland. Robinson alipewa msimu mzima wa maandalizi katika timu ya Montreal. Doby alitoka Newark na baada ya siku chache akawa Ligi Kuu. Alitukanwa kama Robinson na alinyimwa hoteli kama Robinson. Mwaka 1948 homurani yake iliipa Cleveland ushindi katika mechi ya nne ya fainali, na picha yake akikumbatiana na mrushaji mweupe Steve Gromek ikachapishwa magazetini, jambo lililowashangaza Wamarekani wengi wa wakati ule. Doby alichaguliwa katika kikosi cha nyota misimu 7 mfululizo na kupiga homurani 253. Jumba la Heshima lilimwingiza mwaka 1998, miaka 36 baada ya Robinson.

Willard Brown wa Kansas City Monarchs alipata nafasi ndogo zaidi. Alisajiliwa na St. Louis Browns Julai 1947, akaachwa baada ya mechi 21 tu. Agosti 13 alipiga homurani ya kwanza ya mchezaji mweusi katika American League, akitumia gongo la mwenzake mweupe. Brown aliporudi kwenye benchi, mwenzake huyo alilivunja gongo lile ili lisitumiwe naye tena. Msimu wa baridi uliofuata Brown alikwenda Puerto Rico na kupiga homurani 27, rekodi ya ligi ya huko. Aliingia Jumba la Heshima mwaka 2006, miaka 10 baada ya kifo chake.

Mafanikio ya Robinson na Doby yalikuwa pigo kwa ligi za weusi. Mashabiki walihama na nyota wao, na baadhi ya wenye timu za Ligi Kuu waliwachukua wachezaji bila kulipa fidia. Effa Manley, aliyemiliki Newark Eagles pamoja na mumewe Abe na kutwaa ubingwa wa mwaka 1946, alipinga waziwazi. Dodgers hawakumlipa chochote kwa mrushaji wake Don Newcombe. Kwa Doby, Cleveland ililipa dola 15,000 baada ya Manley kushikilia haki yake. Mwaka 1948 timu iliuzwa, na baada ya msimu huo Negro National League ikafungwa. Mwaka 2006 Manley alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima, na hadi sasa ni yeye peke yake.

Katika miaka ya jioni ya ligi hizo walitokea wanawake watatu waliocheza pamoja na wanaume. Toni Stone alisajiliwa na Indianapolis Clowns mwaka 1953 kucheza kituo cha pili, katika timu ambayo Hank Aaron alikuwa ameichezea mwaka uliotangulia. Mamie Johnson, mrushaji mwenye umbo dogo, alijiunga mwaka huohuo, na Connie Morgan akafuata mwaka 1954. Wamiliki walitaka kuvuta watazamaji, lakini wanawake hao waliwakabili warushaji na wapigaji wa kweli, walisafiri katika mabasi yaleyale na kuvumilia dharau mbili kwa mpigo, ya rangi na ya jinsia.

Kazi ya kuwarudisha

Sauti ya kwanza yenye uzito mkubwa ilitoka mahali pasipotarajiwa. Julai 1966 Ted Williams, mpigaji bingwa wa Boston Red Sox, alipokuwa akipokea heshima yake Cooperstown, alitumia hotuba yake kusema kwamba anatumaini siku moja Satchel Paige na Josh Gibson watawekwa humo. Mwaka 1970 Robert Peterson alichapisha kitabu chake *Only the Ball Was White*, historia ya kwanza pana ya mchezo huo baada ya ile iliyoandikwa na mchezaji Sol White mwaka 1907. Peterson aliwatafuta wazee, akawasikiliza na kulinganisha maneno yao na magazeti. Mwaka 1971 Paige aliingizwa katika Jumba la Heshima. Mwanzoni wakuu walipanga kuwaweka weusi katika maonyesho ya pembeni, lakini wananchi walilalamika na mpango huo ukaachwa. Gibson na mwenzake wa Homestead Grays, Buck Leonard, walifuata mwaka 1972.

Mwaka 1990 ilianzishwa Negro Leagues Baseball Museum, jijini Kansas City, karibu na lilipo jengo la YMCA ambalo Foster alifanyia kikao chake. Msemaji wake mkuu alikuwa Buck O'Neil, aliyekuwa mchezaji na kocha wa Monarchs. Alizunguka nchi nzima akiwasimulia watu habari za wenzake. Mwaka 2006 kamati maalumu ilichagua watu 17 wa ligi za weusi na wa enzi zilizotangulia kuingia Jumba la Heshima, lakini O'Neil mwenyewe hakupata kura za kutosha. Alikubali kusimama jukwaani na kuwazungumzia hao 17, ambao wote walikuwa wamekwisha kufa. Alifariki Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 94. Aliingizwa mwaka 2022, pamoja na Bud Fowler.

Nyuma ya heshima hizo kulikuwa na kazi ya uchambuzi isiyo na makofi. Watafiti kama Larry Lester na Dick Clark walipitia mikanda ya picha za magazeti ya zamani wakinakili mechi moja baada ya nyingine. Mwaka 2011 tovuti ya Seamheads, kwa juhudi za Gary Ashwill na wenzake, ilianza kuzitoa takwimu hizo hadharani. Kazi hiyo ilirekebisha hata yaliyochongwa kwenye shaba. Pete Hill, nyota wa mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa ameingizwa Cooperstown mwaka 2006 kwa jina la Joseph Preston. Utafiti ulithibitisha kwamba jina lake ni John Preston, na mwaka 2010 kibao chake kilitengenezwa upya.

Makaburi nayo yalitafutwa. Jimmie Crutchfield, mchezaji mfupi na mwepesi wa Crawfords, alifariki Chicago mwaka 1993 na kuzikwa katika makaburi ya Burr Oak bila jiwe. Jeremy Krock, daktari wa usingizi wa Peoria, Illinois, aliyekuwa amesikia habari za Crutchfield kutoka kwa wazee wa familia yake, alichangisha fedha pamoja na watafiti wa historia ya besiboli. Mwaka 2004 mawe matatu yaliwekwa Burr Oak, la Crutchfield, la kocha Candy Jim Taylor na la mrushaji John Donaldson. Tangu hapo mradi huo umeweka mawe kwa makumi ya wachezaji katika majimbo mbalimbali.

Desemba 2020 Ligi Kuu ilitangaza kwamba ligi saba za weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 ni ligi kuu kwa maana kamili. Mei 2024 takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 ziliunganishwa na kumbukumbu rasmi. Vitabu vilibadilika mara moja. Ty Cobb, aliyekuwa kileleni kwa wastani wa kupiga wa maisha yote ya uchezaji wa .367, alishuka nafasi ya pili. Aliyempita ni Josh Gibson kwa wastani wa .372, na wa tatu akawa Oscar Charleston. Wastani wa Gibson wa mwaka 1943, .466, ukawa wa juu kuliko wa msimu wowote.

Mipaka ya kumbukumbu

Wapo waliouliza kama ni haki kulinganisha misimu mifupi ya ligi za weusi na misimu ya mechi 154 ya Ligi Kuu ya zamani. Swali hilo lina msingi, kwani wastani wa juu ni rahisi zaidi kuupata katika mechi chache. Lakini ufupi wa misimu hiyo ulisababishwa na ubaguzi uleule uliowafungia nje. Aidha, takwimu za Cobb na Ruth nazo zilipatikana bila kuwakabili warushaji weusi waliokuwa bora wa zama zao. Hesabu za pande zote mbili zina upungufu, na anayezisoma kwa makini hana budi kuukumbuka upungufu wa kila upande.

Utambuzi wa 2020 pia una mipaka ya miaka. John Donaldson, mzaliwa wa Glasgow, Missouri, alirusha mpira katika mamia ya miji midogo, sehemu kubwa kabla ya 1920 au nje ya ligi. Watafiti wakiongozwa na Peter Gorton wa Minnesota wamekusanya, gazeti moja baada ya jingine, ushahidi wa ushindi wake zaidi ya 400 na wapigaji zaidi ya 5,000 aliowatoa kwa kuwashinda kwa urushaji wake. Karibu yote hayo hayamo katika vitabu rasmi, na hadi kura ya walioingizwa mwaka 2022 alikuwa hajachaguliwa kuingia Cooperstown. Toni Stone, Mamie Johnson na Connie Morgan nao wako nje ya mpaka, kwa sababu walicheza baada ya 1948.

Hesabu zenyewe hazijakamilika. Wakati wa tangazo la 2024, kamati iliyoongozwa na mwanahistoria John Thorn ilikadiria kwamba karibu robo tatu ya kumbukumbu za mechi za 1920 hadi 1948 zilikuwa zimepatikana. Zilizobaki zinatafutwa katika magazeti ya miji midogo, katika nyaraka za familia na katika daftari za waliokuwa wakiandika alama uwanjani. Kila mechi inayopatikana huongezwa kwenye takwimu za waliocheza, na wastani wa Gibson, Charleston, Stearnes na wengine unaweza kupanda au kushuka kidogo. Mabadiliko hayo hayawapunguzii heshima yao. Ni dalili kwamba sasa hesabu zao zinatunzwa kwa uangalifu uleule walioustahili tangu siku walipokuwa wakicheza.